Ngoma Nje ya Ua

Dada yangu ana ulimi, na mimi ninao, kwa hiyo nyumba yetu ya Wawi haijapata kukosa maneno. Alipoanza kupoteza masikio, majirani walidhani sasa patatulia. Wapi! Ndiyo kwanza alizidi. Ukimpigia kelele ili akusikie, atakutazama mpaka umalize, kisha akwambie: "Usinpigie ukelele. Mate yako yanfika, maneno hayafiki." Basi sote tukajifunza kusimama mbele yake, penye mwanga, tukasema taratibu naye akatusoma midomo.

Kwanza ulikuwa mlio tu, kama nyenje aliyeingia sikioni akakataa kutoka. Hospitali walimpima, wakamweleza kwa upole kwamba mishipa ya masikio imechoka, wakampa kifaa cha kuchomeka. Kifaa kikawa kinapiga mluzi kila akijitanda mtandio. Akakitia kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na huko ndiko kiliko mpaka leo. Binti yake alipoposwa, dada alikuwa hasikii hata radi.

Sasa lazima nikwambie dada yangu ni nani, maana bila hilo utamwona ni mama tu aliyezibwa masikio. Huku kwetu mwari akikaribia kuolewa hukabidhiwa somo, mwanamke wa kumfunza mambo ya ndoa, na katika mambo hayo imo ngoma ya kiuno. Dada ndiye somo wa Wawi. Wake za watu ukiwahesabu kuanzia njia panda mpaka mashambani, wengi wamepita mkononi mwake. Anawakalisha, anawafunga kanga kiunoni, anawaambia: "Kiuno si ungo, hatupepeti mchele hapa. Kiuno husema, kikanyamaza, kikasema tena." Akisimama mwenyewe kuonyesha, mabega yanatulia tuli, uso unatulia, na hapo katikati tumbo linajikunja na kujikunjua kwa raha zake. Mimi mdogo wake wa kike, niliyemwona akicheza tangu hatujaota meno ya utu uzima, mpaka leo nikimtazama nasahau kufumba mdomo. Sisemi kwa sababu ni dada yangu. Dada yangu ana mambo mengi ya kuudhi, na nitakutajia ukitaka.

Na ada ni hii: siku ya wanawake, mama wa bibi harusi humchezea mwanawe mbele ya wakwe. Ni kumuaga. Mtoto anakaa juu ya mkeka, kajitanda, kainamisha uso, na mama anacheza mbele yake. Dada ana mtoto mmoja tu duniani. Tangu mtoto huyo ananyonya, dada alikuwa akisema: "Huyu nitamchezea mpaka ardhi iombe radhi."

Wakwe zetu wa Chake ni watu wa adabu, wenye asili ya Kiarabu na jamaa zao Maskati. Waliposikia habari ya masikio wakamtuma shangazi mmoja, mwenye sauti laini na mkufu mzito. Akasema mama asijisumbue, akae tu kwenye kiti atunzwe, na wao wataleta mchezaji kutoka Unguja, na spika yao, na nyimbo zao tayari kwenye simu. Walikuwa na nia njema, wallahi. Dada alimsoma midomo mpaka mwisho, akatabasamu, akampa kipande cha mkate wa kumimina, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi alikuwa amebadilika rangi.

"Siku hiyo nikichapia mbele ya wakwe," akanambia, "basi tena. Kila harusi watanpa kiti na juisi, mpaka siku ya kunzika. Mie sitaki kiti. Nataka kumchezea mwanangu." Kisha akaniangalia kwa jicho la kuagiza. "Wewe fundi cherehani. Nguo shauri yako, na ngoma shauri yako. Nenda."

Ngoma ndiyo iliyonitoa jasho. Vijana wa kike wa nyumbani walitaka spika, kama wakwe. Nikawakatalia. Spika haina adabu, haimsubiri mtu. Asiyesikia akikawia kidogo tu, wimbo ushakwenda zake, naye anabaki kukata kiuno na upepo. Nilitaka ngoma ya watu, wapigaji wenye mikono, wanaoweza kumngoja. Nikawaendea wapigaji wa Ole, wakulima wa karafuu na muhogo, wakaja kwa baiskeli na ngoma zao zimefungwa nyuma kwa mpira. Tatizo ni kwamba ni wanaume. Wanaume hawaingii ua wenye wanawake wanaocheza, hilo halina mjadala. Wao hukaa nje ya ua wa makuti na kupiga, na wachezaji huwa ndani. Siku zote ndivyo ilivyokuwa, na siku zote ilifaa, kwa sababu mchezaji alikuwa na masikio.

Siku ya kwanza ya kujaribu ilikuwa kichekesho. Dada ndani hawasikii, wapigaji nje hawamwoni, na mimi nimesimama kwenye makuti kama dalali wa soko, napiga kelele: "Ongeza! Anageuka! Punguza, punguza, keshasimama!" Nikisema kageuka, yeye keshageuka na kurudi. Ngoma ikienda kulia, kiuno kiko kushoto. Mwisho mpigaji mkubwa, mzee mwenye sauti kavu, akaacha kupiga akasema kutoka upande wa pili: "Bi mkubwa, kunradhi. Sie tunapigia kitu tusichokiona, na wewe unatuhutubia. Mkono mmoja haufanyi kazi mbili."

Nikamtafsiria dada kwa midomo. Nilidhani atalia. Akakaa juu ya kinu kilicholala, akafikiri, akasema: "Kama hawanioni, basi wansikie."

Basi hapo ndipo nguo na ngoma zikawa kazi moja.

Wakwe walikuwa wametuletea zawadi kutoka Maskati: vazi la kuchezea, sketi nyepesi ya kijani, kijiblauzi kilichoishia kabla hakijaanza, na mkanda wa kiuno ulioning'inizwa visarafu vya dhahabu bandia. Tulikicheka kijiblauzi mpaka mbavu zikauma. Dada alikipima kwa kujiwekea kifuani akauliza: "Kilichobaki watakileta lini?" Lakini mkanda ulikuwa mzuri, na ukiutikisa unalia. Tukaujaribu. Ndani ya ua ulilia vizuri sana. Nje, mzee wa Ole akasema anasikia kama mtu anakoroga chai nyumba ya tatu, na ngoma ikianza hasikii kitu kabisa.

Nikautundika ukutani, nikakata tamaa kidogo. Dada akaingia chumbani akatoka na misewe ya marehemu baba. Kwa wasioijua, msewe ni ngoma ya wanaume wa kwetu, na hupewa jina la kile wanachojifunga miguuni: vifuko vilivyosukwa kwa miyaa, ndani mna mbegu kavu, vinashindana na ngoma na havishindwi. Baba alikuwa mchezaji. Dada akaifunga misewe ile juu ya kanga, kiunoni, akajitupa upande mmoja.

Chakaa!

Mzee akauliza kutoka nje: "Nani kaingia na msewe humo?"

Bibi mmoja jirani, aliyekuwa akituchambulia mchele, akashika kichwa. "Astaghfirullah, msewe wa kiume kiunoni kwa mwanamke!" Dada alimsoma kwa pembe ya jicho. "Baba alifunga miguuni, mie nafunga kiunoni. Kwani miguu imeumbwa na Mungu na kiuno kimeumbwa na nani?" Bibi akarudi kwenye mchele wake.

Misewe ya baba ilikuwa mikavu na inavunjika, kwa hiyo nikasuka mipya. Wiki zile nyumba ilikuwa imejaa ukili, mbegu na ubishi. Tulianza na kunde, zikatoa sauti ya uvivu. Mtama ukanong'ona tu. Mbaazi zilizokaushwa juani zikapiga kelele nzuri, kavu, ya kutembea mbali. Hapo dada akaja na akili yake ambayo mpaka leo naisimulia kwa watu. Akasema mbaazi zitiwe upande wa kulia tu. Upande wa kushoto tutie mbegu ndogo zenye sauti nyembamba, ili aliye nje ajue kiuno kimekwenda wapi. Nikamwambia hilo haliwezekani, mtu hawezi kusikia kulia na kushoto kupitia makuti. Akanijibu nishone, nisihubiri.

Nikashona. Nilikata kanga mpya, nikaikunja kibwebwe kinene kisichoteleza, nikavishona vifuko juu yake kimoja kimoja, kwa uzi wa kushonea viatu. Dira lake, lile gauni pana, nikalifanya la hariri ya rangi ya zambarau iliyokoza, jepesi, nikalipunguza upana chini ya mbavu ili kibwebwe kikae, na mikono nikaiacha mirefu kwa sababu dada ana haya ya viwiko, usiniulize kwa nini. Ile sketi ya kijani nikaifanya ushungi wa kupambia, wakwe wasije wakaona tumeidharau zawadi yao. Nyuma ya kibwebwe, pale ambapo sauti haihitajiki, alitaka vifuko vitiwe karafuu. "Hazilii hizo," nikamwambia. "Najua hazilii," akasema. "Nataka ninukie."

Tulipojaribu tena, mwari alikaa juu ya mkeka mahali pake, miguu kainyoosha, nami sikusimama kwenye makuti. Nilikaa kitako nikafumba mdomo, jambo ambalo si kazi ndogo kwangu. Dada akaanza. Ngoma ikamtafuta, ikamkosa, ikamtafuta, ikampata. Akaenda kulia, ngoma nzito ikaenda naye. Akaenda kushoto, ngoma ndogo ikadakia. Kisha kutoka nje nikamsikia mzee akiwaambia wenzake, kama mtu anayeona kwa macho yake: "Sasa anageuka." Na kweli, dada alikuwa anageuka.

Nikalia. Nasema wazi, nililia, na kamasi juu.

Baadaye nikamkabili, nikamuuliza wao wanamfuata kwa msewe, je yeye anawafuata kwa nini? Akakanyaga chini mara mbili kwa kisigino. "Ardhi inanambia. Ngoma inapita chini, inapanda miguuni." Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Hakukosea hata mara moja.

Siku yenyewe ilifika, na wakwe wakachelewa. Tuliwaalika baada ya sala ya alasiri, wakaja jua limeshakuwa la upande, magari yamejaa mapambo, manukato na radhi nyingi. Simu zote zikaachwa mlangoni kwenye kikapu, maana siku hizi ukizubaa kiuno chako kinafika Dubai kabla hujapumzika. Ua ukajaa. Bibi harusi akaletwa, kajitanda kanga mpaka mapajani, uso chini, mikono haitikisiki, miguu imenyooshwa mbele yake juu ya mkeka mpya, imepakwa hina na piko mpaka inapendeza kuila. Mkwe mkubwa, mama wa bwana harusi, akapewa kiti cha mbele. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kuona aibu na amejitayarisha kuivumilia kwa heshima.

Dada akatoka. Nilikuwa nimemfunga mwenyewe kile kibwebwe. Akasimama mbele ya mwanawe, akapiga pigo moja upande wa kulia. Nje, ngoma ikajibu.

Siwezi kukueleza alivyocheza. Nimejaribu mara nyingi kwa watu wengi na kila mara naharibu. Nitasema tu kwamba nilimwona mkwe mkubwa akiinuka kidogo kwenye kiti, akasahau kukaa. Wasichana waliokuwa wakinong'ona wakaacha. Wanawake ambao dada aliwafunza mwenyewe wakawa wanapiga makofi huku machozi yanawatoka, na vigelegele vikawa vinaruka juu ya makuti. Dada hakusikia hata kimoja, lakini alikuwa anawaona, na uso wake ukawa unang'aa. Nilijivuna mpaka nikaona haya.

Alikuwa katikati ya ngoma, katikati kabisa, adhana ya magharibi ilipoanza.

Kwetu hakuna ngoma inayopigwa juu ya adhana. Hilo haliambiwi mtu. Mikono ya wapigaji ikasimama hewani, makofi yakakatika, kila mwanamke akavuta kanga yake kichwani akainamisha uso. Ua mzima ukawa kimya. Na katikati ya kimya kile, dada yangu akaendelea kucheza. Chaka, chaka-chaka, chaka. Sauti ya mwadhini huku, na mbaazi za msewe huku.

Wakwe wakatazamana. Mtu mmoja nyuma akasema astaghfirullah. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini, kifuko kimoja kilikuwa kimekatika nami nikajipenyeza kukiokota. Nilitaka kuinuka nimshike. Ndipo nikauona mguu.

Kidole gumba cha mguu wa kulia wa bibi harusi kilikuwa kinapiga. Mwili mzima umetulia chini ya kanga, kama desturi inavyotaka, lakini kile kidole cheusi kwa piko kilikuwa kinainuka na kushuka juu ya mkeka, kikipiga ileile ngoma ambayo wanaume wameiacha. Na macho ya dada yalikuwa juu ya kidole kile. Hayakuwa penginepo.

Ardhi haikuwa imemwambia kitu. Wiki zote zile mtoto alikuwa ndiye anayesikia, akimpigia mama yake kwa kidole, nasi tuliokuwa tukipita huku na huku na nyuzi na mbegu hatukuona. Na sasa ngoma imekatika, mtoto anaijua adhana kama tunavyoijua sote, na ana la kuchagua. Akiacha, mama atakatikia katikati, mbele ya wakwe. Hakuacha. Akakipunguza kidole mwendo, kidogo kidogo, kama mpigaji mwenye busara anavyofunga ngoma, na kiuno cha mama kikashuka pamoja nacho, kulia, kushoto, kulia, mpaka kidole kikalala. Dada akasimama. Akaweka mkono kifuani, akamwinamia mwanawe. Ilikuwa imeisha kama inavyotakiwa kuisha.

Akageuka kuwatazama watu, akakuta vichwa vimefunikwa na midomo inamjibu mwadhini. Akasoma midomo. "Yarabi," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyojua. "Ni adhana?"

Hakuna aliyejibu mpaka adhana ilipokwisha. Mkwe mkubwa akamaliza dua, akajipangusa uso, akainuka. Nikasema moyoni, haya, yametufika. Akamwendea dada, akavua mtandio wake wa hariri mabegani, akamvisha. Akamshika kidevu ili atazame midomo yake, akasema taratibu: "Mkwe mwenzangu. Mimi nimeishi, lakini hili sijaliona." Vigelegele viliporuka, nadhani hata Kisiwa Panza walivisikia.

Baada ya sala nilimfuata chumbani. Mwanawe alikuwa akivishwa chumba cha pili, gari linamngoja. Dada amekaa kitandani, anafungua kibwebwe.

"Uliniambia ardhi," nikasema.

"Ningekwambia kweli ungenihurumia. Ungewaita wale na spika yao." Akafungua fundo la mwisho. "Mwanangu hakunihurumia. Alinpigia."

Wakaja kumchukua. Tukalia kama watu wanavyolia, tukamwombea, tukarusha mchele, gari likaondoka kwenda Chake. Dada akabaki amesimama mlangoni na mtandio wa mkwe mabegani. Nilipomgusa, akasema bila kugeuka: "Leo nimeyaoza masikio yangu."

 Nikamshika mkono nikamrudisha uani, ambako mkeka ulikuwa bado umetandikwa. Nikakaa pale alipokuwa amekaa mtoto, nikavua kandambili, nikanyoosha mguu wangu mbele yake. Ni mguu wa mtu aliyekanyaga cherehani miaka yote, una magaga, na kidole chake gumba kimepinda.

Akauinamia, akaugeuza huku na huku.

"Huo?" akasema. "Huo haujui ngoma."

Nikamwinulia uso wangu kwenye mwanga wa taa ili anione midomo vizuri. "Nifunze," nikamwambia.

Akakaa mbele yangu, akanyoosha mguu wake, akakigonga kidole changu kwa kidole chake. Akagonga tena, akaningoja.